Injinia mpya kiwandani? Vidokezo kabla hujavaa helmeti

Umemaliza uhandisi pale Masinde Muliro, barua ya kazi imetoka kiwanda cha sukari, na nyumbani kuku ameshachinjwa. Hongera! Sasa sikiliza.

1. Anza na fundi. Yule mzee wa boila hana digrii, lakini akisimama mlangoni tu anajua ni pampu gani inayoumwa. Ukimpita kimya kimya ukakimbilia kompyuta, siku mtambo utakapogoma atakutazama. "Mulembe, mzee, usiku ulikuwaje?" itakupa habari zisizoandikwa kwenye daftari la zamu. Mnunulie chai. Na mandazi, usiwe mchoyo.

2. Ulizia zamu kabla ya mshahara. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo kinu kikikwama saa nane usiku, mtu ataamshwa. Jua mapema ni nani huyo, na kesho yake nani humshikia kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za likizo kwa mwaka, zichukue. Usijidanganye kwamba utapumzika kiwanda kikifungwa kwa matengenezo. Hapo ndipo wahandisi hukesha.

3. Kampuni si mamako. Mumias ilianza kusaga miwa 1973, ikauza hisa Nairobi 2001, na 2009 ikawa na mtambo wa megawati 38 za umeme unaotokana na makapi ya miwa. Siku hizo injinia wa Mumias alitembea kifua mbele, na alistahili. Mwaka 2019 benki ikaleta mrasimu. Madeni hayaulizi kama tabo lako linazunguka vizuri. Basi shughulikia usajili wako kwenye Bodi ya Wahandisi ukiwa bado kazini, maana wa kuthibitisha kazi uliyofanya ni mkubwa wako wa leo, na kesho huenda yuko Uganda.

4. Nenda raga. Kabras, timu inayofadhiliwa na kiwanda cha West Kenya, ilitwaa Kenya Cup 2016. Ukitaka kumwona meneja akimkumbatia dereva wa trekta, usitafute ofisini.

5. Sema "sijui", hasa kabla hujagusa vali ya mvuke. Yule mzee wa boila atakuonyesha, kama ile chai ulimnunulia.