Je, Televisheni Huwafunza Watoto Ukatili?

Mtoto akimpiga mwenzake teke, mzazi huilaumu televisheni. Pengine ana haki. Lakini lawama si ushahidi, na mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: jambo hili limepimwa vipi?

Jaribio linalotajwa sana ni la Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililochapishwa mwaka 1963. Watoto 96 wa shule ya awali waligawanywa katika makundi manne yaliyo sawa. Kundi la kwanza lilimwona mtu mzima akiipiga sanamu ya plastiki iliyojazwa hewa; la pili lilimwona katika filamu; la tatu liliona filamu ya mpigaji aliyevaa kama paka wa katuni; la nne, ambalo ni la kulinganishia, halikuonyeshwa chochote. Kisha kila mtoto alionyeshwa vitu vizuri vya kuchezea, akanyimwa ili audhike kidogo, ndipo akaachwa katika chumba chenye sanamu ileile. Walioona filamu walionyesha ukali karibu mara mbili ya wale wa kundi la nne.

Tusikimbilie kuhukumu. Sanamu hiyo imetengenezwa ili ipigwe. Ikiangushwa huinuka yenyewe. Kuipiga si sawa na kumpiga ndugu. Tena, mwaka 1965 Bandura mwenyewe alionyesha kuwa watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wengine, lakini walipoahidiwa zawadi wakiiga, tofauti hiyo ilitoweka. Kumbe wote walikuwa wamejifunza. Kujua jambo na kulitenda ni mambo mawili.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ulitoka Kanada. Mwaka 1973 watafiti walioongozwa na Tannis MacBeth Williams waliukuta mji mdogo wa British Columbia ambao, kwa kuwa ulikuwa bondeni, haukuwa ukipata mawimbi ya televisheni, nao ulikuwa karibu kuyapata. Wakauita Notel ili kulificha jina lake, wakaulinganisha na mji wenye stesheni moja na mwingine wenye stesheni kadhaa. Miaka miwili baadaye ukali wa watoto wa Notel, wa mikono na wa maneno, ulikuwa umeongezeka, na alama zao za ubunifu, zilizokuwa juu hapo kwanza, zilikuwa zimeshuka. Hata hivyo mji mmoja ni mji mmoja tu.

Sisi nasi tulikuwa na maabara ya namna hiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Lugha ni moja, mitaala inakaribiana. Bahari tu iliyotenganisha, ingawa mawimbi hayajui mpaka.

Leo kupata kundi la kulinganishia ni kazi ngumu. Video zimo katika simu, na programu humchagulia kila mtazamaji kwa kufuata aliyoyatazama awali. Ndugu wawili waliokaa mkeka mmoja hawaoni picha zilezile. Mtafiti atapima nini?

Zoezi: Katika darasa fulani, wanafunzi watazamao video kwa saa nyingi husoma vitabu vichache. Je, video ndizo zilizowapunguzia kusoma, au wasiopenda kusoma ndio wanaokimbilia video? Pangeni jaribio litakalotenganisha majibu hayo mawili, na mwonyeshe kundi la kulinganishia mtalipata wapi.