JE, MWANI WATAKA MBOLEA?

Mkulima wa skimu mwenye mahindi juu na kamba za mwani pwani, kama upande wa Kibuyuni katika Kwale, huenda akawaza hivi: "Mbolea ya chumvichumvi imestawisha mahindi yangu, mbona nisiutie na mwani?" Swali hili ni la maana, tena ni la fedha. Basi tulitazame kabla hujafungua mfuko.

Kwanza, ujue jinsi mwani unavyokula. Mahindi hunyonya chakula udongoni kwa mizizi. Mwani hauna mizizi ya namna hiyo. Hunyonya kwa mwili wake wote, katika maji yanayoupitia. Chakula chenyewe ni kile kile, naitrojeni na fosforasi. Ukikosa naitrojeni hupauka na kudumaa. Ukiipata, rangi hukolea na matawi hukua upesi.

Je, kuna waliotia mbolea baharini? Naam. Katika miaka ya 1950 Wachina walitaka kulima mwani wa kuliwa katika bahari ya Shandong, ambako naitrojeni ilikuwa haba. Walitia mbolea katika vyungu vya udongo, wakavitundika penye kamba, ikavuja polepole. Mwani ukastawi.

Lakini mwani wetu si ule, wala bahari yetu si ile. Angalia mambo matatu:

1. Maji hupwa na kujaa kila siku. Mbolea utakayoimwaga asubuhi, jioni imekwisha kuchukuliwa.

2. Mbolea haichagui. Magugu membamba ya baharini huila upesi, yakaufunika mwani wako usipate jua.

3. Mnunuzi autaka mwani kwa ajili ya ute mzito ulio ndani yake. Naitrojeni ikizidi, uzito huongezeka, lakini sehemu ya ute yaweza kupungua.

Basi ufanye nini? Maji yaendayo ndiyo mbolea ya mwani, kwani kila yajapo huleta chakula kipya. Funga kamba zako penye mkondo wa kadiri, si penye maji yaliyotuama. Usibananishe mbegu. Kila bamvua ukung'ute mwani tope na kung'oa magugu. Mbegu iwe ya matawi machanga yenye afya.

Tena, usidanganywe na rangi. Matawi yakiwa meupe na laini, yakakatika, hiyo mara nyingi si njaa. Ni joto la kaskazi, au maji ya mvua yaliyopunguza chumvi. Mbolea haiponyi hayo. Vuna palipo pazima, kisha uhamishe kamba mahali penye kina zaidi.

Na mfuko wako? Upeleke kwenye mahindi, ukachimbe na matuta ya kuzuia maji, mvua isije ikaichukua mbolea mpaka baharini kulisha magugu yale yale unayoyang'oa.

Maswali ya kujipima: Mwani hula kwa nini, kama si kwa mizizi? Kamba zako ziko penye mkondo, au penye maji yaliyolala?