Kiwanda Kimefungwa, Sumu Imebaki: Kujikinga na Madini ya Risasi

Kiwanda kinapofungwa moshi hukoma, lakini uchafuzi wa ardhi haukomi. Madini ya risasi hayaozi. Hubaki katika udongo wa juu kwa miaka mingi. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuilinda familia iishiyo karibu na eneo la namna hiyo.

Mfano ni mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu za magari kilianza kazi hapo mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza eneo lisafishwe. Rufaa ziliendelea hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo. Katika miaka hiyo kumi, watoto walizaliwa na kukua mtaani humo. Kwa hiyo usingoje hukumu ndipo ujikinge.

Risasi huingia mwilini kwa kumeza au kuvuta vumbi lake. Watoto wadogo huathirika zaidi, kwa kuwa hutia mikono kinywani na ubongo wao ungali unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Tunashauri yafuatayo:

1. Mpeleke mtoto apimwe damu hata akionekana mzima. Mara nyingi dalili hazionekani.
2. Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia sakafu kavu hurusha vumbi.
3. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na viatu viachwe mlangoni.
4. Usitegemee kuchemsha maji: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi risasi.
5. Usinunue mabati, mapipa wala vyuma vilivyotoka kiwandani humo.
6. Kabla ya kununua au kupanga kiwanja, uliza kilitumika kwa kazi gani, na udai matokeo ya upimaji wa udongo.

Usichimbe udongo huo mwenyewe, kwani utatawanya vumbi. Usafishaji hufanywa na wataalamu: udongo wenye sumu huondolewa na kupelekwa mahali maalumu, au hufunikwa kwa udongo safi. Kazi ikiisha, omba kuonyeshwa vipimo vipya. Ahadi ya kwamba eneo limesafishwa haitoshi bila vipimo.