Kubadili Katiba ya Wakfu Si Kazi ya Kikao Kimoja

Hapa Kongwa, kama ilivyo katika miji mingi nchini, misikiti ipo juu ya viwanja vilivyotolewa na wazee wetu. Sasa kamati zinataka "kuboresha katiba" za wadhamini, na mimi, kwa kuwa nasomesha dini, huulizwa kama inafaa.

Ndugu msomaji, tuchukue mfano. Bibi mmoja ametoa wakfu kiwanja karibu na soko la mahindi la Kibaigwa, akashurutisha mapato yake yawe kwa "elimu ya mayatima". Kamati inajenga fremu za maduka, kisha katika katiba mpya inaandika "miradi ya uchumi". Maneno matatu yameondoka, matatu yameingia.

Mali ya bodi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, ni ya bodi, si ya imamu wala mwenyekiti. Katiba ikibadilika, au wadhamini wakibadilika, taarifa hupelekwa RITA kwa Kabidhi Wasii Mkuu, pamoja na muhtasari wa kikao. Tusipofanya hivyo, rejista itabaki na majina ya wazee ambao pengine wameshatangulia mbele ya haki. Siku kiwanja kikivamiwa, nani atasimama mahakamani?

Kwenye kodi ndiko wengi wanakoteleza, wakidhani jina la msikiti ni kinga. Sivyo. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinaitaka taasisi ya hisani iwe imeanzishwa kwa malengo hayo tu, kama kusaidia masikini au kuendeleza elimu, na iwe imepata uamuzi wa Kamishna wa TRA. Malengo hayo husomwa wapi kama si kwenye katiba? Ukiandika "miradi ya uchumi" umempa Kamishna sababu ya kuiona biashara, na faida ya biashara ya taasisi hutozwa asilimia 30. Hiyo ni ada ya mayatima.

Na kabla ya TRA kuna sheria ya Allah (SW). Sayyidna Umar (RA) alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, alishurutisha isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, akawataja wanaostahiki. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema, hakuruhusiwa kugeuza sharti.

Idadi ya wadhamini, muda wao, saini za benki: hayo yabadilisheni mkihitaji. Kuhusu malengo, hati ya yule bibi isomwe mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa, kabla mwanasheria hajaitwa.