Picha ya Nyumba si Modeli ya Nyumba: Somo kwa Mwenye Kujenga

Kwa familia nyingi za Pemba, nyumba ndiyo manunuzi makubwa kuliko yote ya maisha. Fedha zake hutoka mikononi mwa watu wengi: mwenye kiwanja aliyeko Wete au Chake Chake, kaka aliyeko Dar es Salaam, dada aliyeko Maskati. Kazi nayo hupita mikononi mwa wengi: msanifu, mhandisi, fundi mwashi, fundi bomba, fundi umeme na seremala wa paa. Kila mmoja huja kwa wakati wake, na aghalabu huikuta kazi ya mwenzake imekwisha kukauka.

Siku hizi baadhi ya watoa huduma huahidi kumwonesha mteja nyumba yake yote kwenye kompyuta kabla ya msingi kuchimbwa. Ahadi hiyo inaweza kuwa na manufaa makubwa, lakini inaweza pia kumfanya mteja alipe fedha nyingi kwa picha ya kupendeza tu. Lengo la somo hili ni kumwezesha mtumiaji kutambua anachouziwa, kudai anachostahiki, na kujua ni lini huduma hiyo haimfai.

1. Maana yake

Usanifu na ujenzi wa kidijitali ni utaratibu ambao washiriki wote wa mradi hulijenga jengo kwanza ndani ya kompyuta, kwa vipimo halisi, kisha hulijenga kiwanjani kwa kufuata walichokubaliana. Jengo hilo la ndani ya kompyuta huitwa modeli. Ukuta uliomo katika modeli si mstari tu. Una urefu, kimo, unene na aina ya tofali. Bomba lina kipenyo na mteremko. Mlango ukisogezwa, ramani ya sakafu, mchoro wa ukuta na hesabu ya matofali hubadilika pamoja.

Utaratibu huu umetafitiwa kwa muda mrefu, hasa katika kituo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Uingereza ilianza kuutaka katika miradi ya majengo inayosimamiwa na serikali kuu. Mwaka 2018 zilitolewa sehemu mbili za kwanza za kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kinachoeleza namna washiriki wa mradi wanavyopaswa kupeana taarifa za jengo. Maudhui ya kiwango hicho yanaonesha kwamba kiini cha utaratibu huu ni makubaliano baina ya watu. Kompyuta ni chombo tu cha kuyatunza.

2. Picha na modeli

Picha ya nyumba huonesha rangi, bustani na jua likichomoza nyuma ya paa. Humsaidia mteja kuchagua sura ya nyumba. Hata hivyo, haina bomba wala nondo ndani yake, na haiwezi kumwambia fundi jambo lolote atakalolipima kwa futi.

Ili kutofautisha, mtumiaji anashauriwa kumuuliza mtoa huduma maswali matatu, na kuomba majibu yaoneshwe kwenye skrini wakati huohuo:

(a) Nionesheni bomba la choo cha juu linapita wapi hadi kufika kwenye karo.
(b) Katika ukuta huu yataingia matofali mangapi?
(c) Kateni nyumba hapa katikati, nione ngazi, boriti na kenchi kwa pamoja.

Mwenye modeli atajibu kwa muda mfupi. Mwenye picha ataomba apewe siku kadhaa, au atasema kwamba mambo hayo ni ya fundi.

3. Faida ilipo: mgongano kabla ya zege

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa moja yenye choo juu. Bomba la maji machafu la inchi 4 kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40. Likisafiri mita 6 chini ya sakafu ya juu kabla ya kufika ukuta wa nje, litakuwa limeshuka sentimita 15. Mchoro wa fundi bomba ni sahihi. Mchoro wa mhandisi, wenye boriti inayokatiza katika mita ya nne, nao ni sahihi. Kosa linaonekana pale tu michoro miwili inapowekwa pamoja: katika mita ya nne bomba limekwisha kushuka sentimita 10, nalo linagonga ubavu wa boriti.

Kwenye modeli mgongano huo huonekana kabla ya zege kumwagwa, na dawa yake ni kusogeza choo au kubadili njia ya bomba. Kiwanjani huonekana baada ya boriti kukauka. Hapo fundi bomba huomba patasi, na mwenye nyumba asiyejua hatari huruhusu boriti itobolewe na nondo zikatwe, ilhali boriti hiyo ndiyo inayobeba sakafu watakayolala watoto wake. Asiyeruhusu hulipa kuvunja na kujenga upya, kwa saruji na nondo zitakazovuka tena bahari.

Kwa hiyo sehemu muhimu ya huduma hii ni kikao cha kuoanisha. Msanifu, mhandisi, fundi bomba na fundi umeme huketi pamoja mbele ya modeli moja na kumaliza migongano mmoja baada ya mwingine. Jamaa wanaochangia kutoka mbali wanaweza kuhudhuria kwa simu. Pasipo kikao hicho, modeli hubaki kuwa kazi ya mtu mmoja, na mafundi wengine huendelea kujenga kwa mazoea.

4. Kuhakiki hesabu

Modeli hutoa orodha ya vifaa, nayo mtumiaji anaweza kuihakiki kwa kikokotoo cha simu. Chukua ukuta wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3, yaani mita za mraba 30. Tofali lenye uso wa sentimita 45 kwa 23, pamoja na udongo wa kujengea wa sentimita 2, huchukua sentimita 47 kwa 25, sawa na mita za mraba 0.1175. Ukuta mzima unahitaji takriban matofali 255. Ukiwa na mlango wa mita 0.9 kwa 2.1, eneo hubaki mita za mraba 28.11 na matofali hushuka hadi takriban 239. Mlango mmoja umepunguza matofali 16. Ongezeko dogo kwa ajili ya yatakayovunjika ni la kawaida, lakini liandikwe peke yake ili lionekane.

5. Kiwanja chenyewe

Sehemu kubwa ya Pemba ni vilima na mabonde, na mvua za masika huteremka na udongo. Modeli iliyochorwa juu ya ardhi tambarare ya kufikirika haitamsaidia mtu ambaye kiwanja chake kina mteremko. Kuanzia mwaka 2016, Zanzibar iliendesha mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, ukihusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha za namna hiyo husaidia kulijua eneo kwa ujumla. Kwa nyumba yako, hata hivyo, dai kiwanja kipimwe na miinuko yake iingizwe katika modeli kabla kimo cha msingi hakijaamuliwa.

6. Mambo ya kuandikwa katika mkataba

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulipa, hakikisha mkataba unataja mambo haya:

(a) Vilivyomo: kama modeli itakuwa na kuta pekee, au pia nondo, mabomba, umeme na paa.
(b) Mtunzaji: mtu mmoja anayetunza nakala ya karibuni, yenye namba na tarehe, ili fundi asijengee nakala ya zamani.
(c) Vikao: idadi ya vikao vya kuoanisha na wanaolazimika kuhudhuria.
(d) Mabadiliko: kila badiliko liandikwe, likitaja aliyeliidhinisha, gharama yake na siku zitakazoongezeka.
(e) Makabidhiano: upewe michoro ya kuchapisha pamoja na faili la aina ya IFC, linaloweza kufunguliwa na programu za kampuni mbalimbali. Bila faili hilo, siku utakapoachana na mtoa huduma utalazimika kuanza upya.
(f) Malipo: yalipwe kwa hatua, na fungu la mwisho lisubiri modeli iliyorekebishwa kuonesha nyumba kama ilivyojengwa kweli. Hiyo ndiyo itakayomwonesha fundi wa miaka ijayo palipo waya na bomba.

7. Mipaka ya huduma hii

Modeli haipimi uwiano wa saruji na mchanga, wala haihesabu nondo zilizofungwa kiwanjani. Haichukui nafasi ya kibali cha ujenzi, wala ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, wala ya msimamizi anayefika kazini. Kwa nyumba ndogo isiyo na ghorofa, michoro kamili ya karatasi na kikao kimoja cha mafundi wote kabla ya msingi huweza kutosha. Mtoa huduma mwaminifu atakueleza hivyo.

8. Ukiona umedanganywa

Kumuuzia mtu picha kwa jina la modeli ni kumpotosha. Hifadhi tangazo, mkataba, stakabadhi na ujumbe wa simu. Mwandikie kwanza mtoa huduma, ukitaja kilichoahidiwa na kilichotolewa, na umpe tarehe ya kurekebisha. Asipotekeleza, wasilisha malalamiko yako pamoja na vielelezo hivyo kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Maswali ya kujipima

1. Mtoa huduma anakuonesha nyumba nzuri kwenye simu. Utamuuliza nini ili ujue kama ni picha au modeli?
2. Ukuta una mita 8 kwa 3, na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Unahitaji matofali mangapi ya kipimo kilichotajwa? (Jibu: takriban 189.)
3. Fundi bomba anaomba kutoboa boriti. Ni nani anayepaswa kuulizwa kabla ya kuruhusu? (Jibu: mhandisi aliyeisanifu, na jibu lake liwe kwa maandishi.)