Dondoo Muhimu: Wepesi wa Hisia kama Nguvu

Wepesi wa hisia, yaani tabia ya kuzaliwa nayo ya kuguswa haraka na kwa kina na mambo ambayo wengine huyapita, si ugonjwa wala udhaifu; mwanasaikolojia wa Marekani Elaine Aron, aliyeieleza tabia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1996, alikadiria kuwa karibu mtu 1 kati ya 5 anayo. Mwenye nayo, ambaye pengine amelelewa akiambiwa ajikaze, aanze kwa kuipa kila hisia jina lake, kwani kutofautisha fedheha na hasira huonyesha mahali hasa panapouma. Kisha autazame wepesi huo ukiwa kazini: mwalimu wa namna hii humwona mtoto aliyenyamaza mbele ya kikombe cha uji kilichopoa, akahisi kwamba nyumbani kuna jambo kabla halijasemwa, na jicho la aina hiyo linahitajika mno shuleni. Kelele na msongamano humchosha mapema mwenye wepesi huu, kwa hiyo baada ya msiba, harusi au kikao kirefu ajitengee muda wa kukaa peke yake bila kuomba radhi. Machozi yakimlenga mbele ya watu, atoke nje, avute pumzi taratibu, na jibu alitoe baadaye.