Kadi ya Broka Si Cheti

Swali: Broka mmoja hapa Keroka ana kadi inayomtaja kuwa “wakala wa ardhi na nyumba”. Je, yeyote anaweza kujiita hivyo?

Jibu: Hapana. Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, inamkataza mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na bodi ya mawakala hao. Akipatikana na hatia, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili.

Faini hiyo, kusema kweli, haitishi. Komisheni ya ploti moja kando ya lami inaweza kuilipa na chenji ikabaki.

Kwa hiyo mnunuzi adai cheti cha usajili, kisha aulizie jina hilo kwenye bodi yenyewe. Keroka iko mpakani mwa Kisii na Nyamira. Kwa hivyo ajue kwanza faili ya shamba iko kwenye masjala ipi ya ardhi, ndipo afanye upekuzi rasmi. Nalo shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi. Kikikosekana, mauzo ni batili, hata kama wakala amesajiliwa.